Mjamzito na pombe kidogo: nani anakipima hicho kidogo?

Januari 2016 waganga wakuu wa serikali nchini Uingereza walibadili ushauri wao kwa wajawazito. Tangu 2008, mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini humo, ulikuwa ukisema mama aache pombe katika miezi 3 ya kwanza, na akiamua kunywa baada ya hapo asizidishe yuniti 1 au 2 (yuniti ni kipimo cha huko cha kilevi), mara 1 au 2 kwa wiki. Ushauri mpya ukaja mfupi: lililo salama zaidi ni kutokunywa kabisa. Hakukuwa na ugunduzi wa kutisha uliotokea katikati. Wataalamu hao walieleza wazi kwamba kwa mama aliyekunywa kidogo, uwezekano wa mtoto kudhurika huenda ni mdogo. Walichoshindwa kusema ni kwamba haupo.

Hapo ndipo wanasayansi, wakunga na watetezi wa haki za wanawake wanapovutana hadi leo, na ndipo anapojikuta dada aliyeshika glasi ukumbini kwenye harusi ya mdogo wake akiuliza, "Kwani moja tu ina nini?" Kwa familia nyingi za pwani na Visiwani, dini ilishalifunga suala hili zamani. Kwa wengine wengi, bara hasa, liko wazi, na kwetu hujibiwa kwa ukali au kwa kicheko. Linastahili jibu lililopimwa.

Kwanza lisilobishaniwa. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa mji wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa katika familia za walevi. Hakusikilizwa sana. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza dalili zilezile: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, kijimfereji kati ya pua na mdomo kilichotandazika, mwili usiokua ipasavyo, na ubongo usiofanya kazi kama inavyotakiwa. Wao ndio walioupa ugonjwa huo jina. Tangu hapo hakuna daktari makini anayetetea ulevi wakati wa ujauzito, na kunywa nyingi kwa mkupuo mmoja, hata kama ni mara chache, nako kunahesabiwa kuwa hatari.

Namna pombe inavyodhuru inaeleweka pia. Kilevi hupita kondo la nyuma bila kizuizi, na baada ya muda mfupi damu ya kijusi huwa na kilevi cha kiwango kinachokaribia cha mama. Mama ana ini la kukivunja. Ini la kijusi bado changa, haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo mtoto humtegemea mama yake amsafishie. Isitoshe, kilevi hubaki ndani ya maji ya uzazi, na maji hayo mtoto huyameza tena na tena. Ubongo nao hujengwa miezi yote 9, hivyo ule usemi kwamba ukishavuka miezi 3 umeshapona hauna msingi.

Sasa tuje kwenye kidogo. Upande unaosema hakina neno una watu wa kuheshimiwa. Watafiti wa London wakiongozwa na Yvonne Kelly walifuatilia maelfu ya watoto wa Uingereza waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta kwamba wale ambao mama zao walikunywa yuniti 1 au 2 kwa wiki hawakuwa nyuma ya wenzao kitabia wala kiuelewa walipofika miaka 3 na 5. Mwaka 2012 utafiti wa Denmark uliohusisha wanawake zaidi ya 1,600 ulipima akili za watoto wa miaka 5, na unywaji mdogo haukuonekana kuacha alama. Mwaka uliofuata mchumi wa Marekani Emily Oster, katika kitabu chake kuhusu ujauzito, alizipitia tafiti za namna hii akahitimisha kwamba kinywaji 1 au 2 kwa wiki katika miezi 3 ya kwanza, kisha kisichozidi kimoja kwa siku, hakijathibitika kuleta madhara. Alishambuliwa sana. Lakini hoja yake ya msingi nakubaliana nayo: mjamzito ni mtu mzima, aonyeshwe ushahidi wote, asitishwe kama mtoto.

Shida ni kwamba ushahidi wenyewe una mtego. Uingereza, mama anayekunywa glasi moja ya mvinyo Ijumaa jioni mara nyingi ni msomi mwenye kipato kizuri. Mtoto wake anakula vizuri, anasomewa vitabu kila usiku, anaishi kwenye nyumba yenye nafasi. Neema hizo zote zinaweza kufunika hasara ndogo iliyoletwa na pombe, na mtafiti akatoka hapo akisema hakuna tofauti. Ndiyo maana katika baadhi ya tafiti hizo watoto wa wanaokunywa kidogo walionekana hata kuwazidi kidogo watoto wa wasiokunywa kabisa. Sidhani kuna anayeamini kwamba mvinyo ndio uliowaongezea akili.

Mwaka huohuo wa 2012 watafiti wa Bristol, Uingereza, walitafuta njia ya kuukwepa mtego huo. Jeni za mtu hazigawiwi kwa kufuata kipato cha mama yake. Walichukua watoto zaidi ya 4,000 wa miaka 8 na kuangalia jeni zinazohusika na jinsi mwili unavyokivunja kilevi. Kwa watoto ambao mama zao walikunywa kati ya yuniti 1 na 6 kwa wiki wakiwa wajawazito, kila jeni ya hatari aliyokuwa nayo mtoto ilikwenda pamoja na upungufu wa karibu alama 2 za kipimo cha akili. Kwa watoto ambao mama zao hawakugusa pombe, jeni hizohizo hazikuleta tofauti yoyote. Alama 2 ni kidogo, na huenda mzazi asizione kamwe. Lakini kwangu huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko mwingine wowote katika mjadala huu, kwa sababu unaonyesha kwamba hicho kidogo kinamfikia mtoto, na kwamba athari yake hutegemea jambo ambalo hakuna mama anayelijua kabla: ameumbwa na jeni zipi, na mtoto wake amerithi zipi.

Tafiti nyingine zinaacha picha ya katikati. Mwaka 2017, hukohuko Bristol, zilikusanywa tafiti 26 za unywaji usiozidi gramu 32 za kilevi kwa wiki, yaani yuniti 4. Ilionekana uwezekano wa mtoto kuzaliwa mdogo kuliko umri wa mimba unaongezeka kwa takriban asilimia 8, na kwa madhara mengine mengi tafiti zilikuwa chache mno kutoa kauli. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine wa wanawake zaidi ya 231,000 ulikuta kwamba kwa wanaokunywa vinywaji 5 au pungufu kwa wiki, kila kinywaji kinachoongezeka kinaongeza hatari ya mimba kuharibika kwa asilimia 6. Jaribio la kuwagawa wajawazito makundi mawili, hawa wanywe na hawa wasinywe, haliwezi kufanywa na mtu mwenye utu, kwa hiyo ubishi huu hautamalizwa na utafiti mmoja wa mwisho.

Sasa hicho kidogo tukilete nyumbani.

Yuniti moja ya Uingereza ni gramu 8 za kilevi halisi. Kinywaji kimoja cha Denmark ni gramu 12. Cha Marekani ni gramu 14. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5, hii ya kawaida inayowekwa mezani kuanzia Arusha hadi Kisumu, ina karibu gramu 20. Kwa hiyo mama anayesema nakunywa moja tu ameshafikia karibu yuniti 2 na nusu, zaidi ya kile ambacho hata ule mwongozo wa Uingereza wa zamani, uliokuwa na huruma, ulikiruhusu kwa mara moja. Aliyesoma mtandaoni kwamba kimoja kwa siku hakina shida, akakitafsiri kuwa chupa moja, anakunywa karibu mara moja na nusu ya kile alichokisema Oster.

Na bia ni afadhali, ina lebo. Mbege haina. Pale Kilimanjaro ndizi mbivu zinapikwa, zinachachuliwa, unaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na msesewe wa kutia uchungu. Ikishachanganywa haisubiri mtu, inaendelea kuchacha. Ya leo ni tamu kama uji, ya kesho kutwa inapanda kichwani, na zote mbili zinapimwa kwa kata ileile. Ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, unaogemwa asubuhi si ule wa jioni, na mnazi wa pwani una tabia hiyohiyo. Gongo na chang'aa ndiyo usiseme: hakuna ajuaye ukali wake, na zimewahi kuchanganyika na methanoli ikaua watu. Mama akiniambia amekunywa kata moja, siwezi kumwambia ni yuniti ngapi, na muuguzi hawezi, na aliyeipika hawezi. Mjadala mzima wa Ulaya umesimama juu ya kipimo ambacho sisi hatuna.

Kuna jambo la pili ambalo nalipa uzito huohuo: chakula. Huko Western Cape, Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu, vibarua walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Utaratibu huo, ulioitwa dop, ulikuja kukatazwa, lakini mazoea yakabaki, na leo baadhi ya jamii za eneo hilo zina viwango vya watoto walioathiriwa na pombe tumboni ambavyo ni miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kupimwa duniani. Huko ni ulevi mzito wa wikendi, hatuwezi kuuita kidogo. Lakini watafiti waliona pia kwamba akina mama waliozaa watoto walioathirika walikuwa na miili midogo na lishe duni kuliko wenzao. Mwili mdogo usioshiba hupandisha kiwango cha kilevi kwenye damu haraka zaidi. Basi matokeo ya wanawake wa Denmark walioshiba hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu anayelima hadi wiki ya mwisho.

Kuhusu damu, utamsikia mtu akimshauri mjamzito anywe bia nyeusi iongeze damu, au aliyejifungua anywe mbege maziwa yatoke. Bia nyeusi haina madini ya chuma ya kutosha kutibu chochote, na vidonge vya kuongeza damu vinatolewa kliniki. Kwa maziwa, pombe inafanya kinyume, inazuia homoni inayoyasukuma yatoke. Mtori unatosha, na wazee wa Kilimanjaro wamekuwa wakiupika muda wote.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeutendea haki upande mmoja tu. Ushauri wa kukataza kabisa nao una gharama, na gharama hiyo anabeba mwanamke peke yake. Februari 2016 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, iliwashauri wanawake wa umri wa kuzaa wasiotumia uzazi wa mpango waache pombe, hata kama hawana mimba. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki, kwa kuwa ushauri huo uliwageuza kuwa matumbo yanayosubiri. Jimbo la Wisconsin, hukohuko Marekani, lina sheria tangu 1998 inayoruhusu mjamzito anayetumia pombe kupita kiasi kushikiliwa na vyombo vya dola. Sheria kama hiyo humfundisha mama kukimbia kliniki.

Kwetu hatuna sheria hiyo, lakini tuna lugha yake. Mama anakaa mbele ya muuguzi, kadi ya kliniki mezani, foleni imefika nje, na anaulizwa bila kuinuliwa uso: "Hunywi pombe wewe, eti?" Jibu limeshawekwa mdomoni. Atasema hanywi. Kadi itaandikwa hivyo, na aliyekuwa akihitaji msaada atarudi nyumbani bila msaada huo. Na yule aliyekunywa kwenye sherehe kabla ya kujua ana mimba ya wiki 5, akasikia kwamba funda moja linaharibu mtoto, atalala na hofu miezi 8 bila wa kumwuliza. Huyo anastahili kuambiwa ukweli: hatari kwa mtoto wake ni ndogo, aache sasa, aendelee na kliniki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayesema kidogo kimethibitika kudhuru kila mtoto anatia chumvi, na kutia chumvi kunawafanya wanawake wasituamini. Anayesema kidogo ni salama anazungumzia glasi iliyopimwa, mwili ulioshiba na jeni asizozijua. Kwa mjamzito wa Moshi, Bungoma au Bukoba, mimi namshauri aiache yote, tangu anapoanza kutafuta mtoto kama anaweza, na nitamwambia wazi kwamba ninafanya hivyo kwa sababu kipimo hakipo.

Muuguzi naye abadili swali. "Wiki iliyopita ulikunywa nini, kwenye chombo gani, mara ngapi?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu. Akijibu kwamba anakunywa kila siku na mikono inamtetemeka asipokunywa, asiambiwe aache ghafla leo, kwa sababu kukatisha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumletea degedege. Apelekwe hospitali asimamiwe na daktari. Na mume aliyemsindikiza, kama ndiye anayeleta chupa mbili nyumbani kila jioni, moja yake na moja ya mkewe, aulizwe maswali hayohayo siku hiyohiyo, akiwa amekaa kwenye kiti cha pembeni.