Shahada ya jiolojia: deni lina tarehe, kazi haina

Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, husimuliwa barazani kama zimwi, lakini riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 tu kwa mwaka, na hapa Malindi sijui benki itakayokukopesha kwa bei hiyo. Kinachouma ni faini. Mhitimu hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukipita hajaanza kulipa, hutozwa shilingi 5,000 kila mwezi. Chukua kijana anayedaiwa 200,000: riba ya mwaka mzima ni 8,000, faini ya mwaka huohuo ni 60,000. Mzazi anayetaka ushauri kuhusu jiolojia, elimu ya miamba na ardhi, huanza kwa kuuliza mshahara. Mimi ningeanza na tarehe: kazi ya kwanza itapatikana lini?

Hapo ndipo fani hii inapotia wasiwasi, kwa sababu kazi zake huja kwa msimu. Machi 2012 kampuni ya Tullow iligundua mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1 kule Turkana, na matumaini yakawaka hadi Pwani. Aliyeingia chuo mwaka huo alihitimu 2016, bei ya mafuta duniani ikiwa imeporomoka na kampuni zikipunguza watu. Kwale, kampuni ya madini ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Sisi wenyewe tuna mchanga wenye titani Mambrui, uliopimwa enzi zilezile za ule wa Kwale. Wa Kwale umechimbwa hadi ukaisha, wa Mambrui ungali pale pale. Madini yakiwa chini ya miguu yako si ajira bado.

Vijana nao hawakosi hoja. Watakuonyesha kwenye simu kwamba Marekani, mwaka 2023, kipato cha kati cha mwanajiolojia kilizidi dola 92,000. Takwimu ni ya kweli, ila inahesabu na waliokaa kazini miaka ishirini, tena katika nchi ambayo mkopo wa serikali unaweza kulipwa kwa kadiri ya kipato. Faini ya 5,000 haiulizi unapata ngapi. Hoja yao yenye uzito ni Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Kenya hupata karibu nusu ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, na kila kisima cha mvuke kinahitaji mtu wa kusoma miamba. Ni kazi nzuri. Ni chache pia, na aliyeipata haachii kirahisi.

Kwa mtu wa huku, naona riziki ya jiolojia iko kwenye maji. Malindi inategemea visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na mifereji ikikauka kila mwenye nyumba ya kupangisha anawaza kuchimba chake. Akichimba kwa kubahatisha karibu na bahari, anavuta chumvi. Ndiyo maana huitwa mpimaji: anachomeka vijiti vinne vya chuma kwenye mstari mmoja uwanjani, anapitisha umeme ardhini kwa vile viwili vya nje, anasoma volti kati ya viwili vya ndani, kisha anavitanua na kurudia. Kadiri anavyovitanua ndivyo anavyosoma kina zaidi. Volti hizo humwonyesha ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme. Ukiporomoka ghafla, huenda amegusa tabaka la maji ya chumvi, na mwenye kiwanja ameokoa fedha nyingi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji haitoi kibali cha kuchimba bila ripoti ya namna hiyo. Kazi hii haingoji bei ya mafuta.

Lakini ripoti inatakiwa sahihi ya mtaalamu mwenye leseni, na usajili wa wanajiolojia, ulioanzishwa na sheria ya 1993, hauji na cheti cha chuo. Lazima kwanza ufanye kazi chini ya waliotangulia. Huko unabeba nyaya, unashika daftari, na unalipwa kinachobaki. Kipato chembamba kinakukuta miaka ileile ambayo saa ya HELB imeanza kuhesabu. HELB imewahi kuwasamehe faini wanaolipa deni lote kwa mkupuo, msamaha unaomfaa zaidi mwenye fedha tayari. Wakati huo, aliyechukua stashahada ya maji pale KEWI, chuo cha maji cha serikali, huenda yuko kwenye mtambo wa kuchimba visima, ametangulia kuingia kazini na deni lake ni dogo kuliko la mwenye shahada.

Nikipima yote, aliyepata nafasi ya serikali na anayeipenda fizikia na kemia aende, mradi ajue tangu mwaka wa kwanza kwamba anakwenda kusomea maji au mvuke, na atafute wa kumshika mkono kabla ya mahafali. Wa kujilipia karo mwenyewe simshauri kabisa. Kuuza shamba la minazi kwa ajili ya kozi ambayo kazi yake haina tarehe ni kucheza kamari na urithi wa ndugu wote, na wengi wetu shamba lenyewe halina hata hati ya kuliweka rehani.

Kaunti ya Kilifi nayo ina la kufanya. Hutoa basari za karo, lakini mhitimu akishavua joho hana pa kushika. Sehemu ya fedha hizo ikiwalipa posho wahitimu wa jiolojia wakae chini ya wataalamu wa maji kwa miaka miwili, wangekaribia leseni bila kukimbizwa na faini, na visima vya shule za Magarini vingepimwa kabla mtambo haujafika.