Beberu Aliyekula Foleni

Uganda mgonjwa haji zahanati mikono mitupu. Anakuja na daftari, lile la shule lenye mistari, na humo ndimo inamokaa habari yake yote: homa ya mwaka juzi, uzito wa mtoto, dozi aliyoikatisha akaapa kaimaliza. Akifika analiweka mezani juu ya mengine, kisha huyo, anakwenda kivulini kusukwa nywele au kugombana na mumewe kwenye simu. Foleni inapangwa na madaftari. Muda wa kuita ukifika rundo linageuzwa, la chini kabisa ndilo la kwanza.

Mimi muuguzi wa Tanga. Nilikuwa najitolea Nakivale, wilaya ya Isingiro, si mbali na mpaka wetu, kwenye makazi ya wakimbizi ambako Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanapanga madumu kwenye bomba moja. Nadhani walinitaka kwa Kiswahili changu kuliko kwa uuguzi. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kulinda lile rundo, na nililinda kwa ukali wa kondakta wa daladala.

Siku hiyo joto lilizidi, tukatoa meza nje chini ya mwembe. Akaja mzee mmoja wa Kikongo. Mjukuu wake alikuwa amelazwa kwetu na malaria kali, akachomwa sindano za artesunate mpaka akaanza kudai chapati. Mzee ana furaha, mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba yuko beberu.

Nikamwambia matibabu ni bure. Vituo vya serikali Uganda vilifuta ada tangu 2001, sasa beberu nimwandike wapi?

"Daktari, hii si malipo, ni shukrani," akasema. "Tena iko mupole sana."

Akamfunga kwenye mguu wa meza, akaingia ndani kumtafuta mganga mfawidhi.

Mupole! Nilikuwa chumba cha vipimo nangoja kipimo cha malaria kitoe mistari, na zile dakika 15 hazikimbizwi, mara nikasikia nje kimya. Pale hakuna kimya hata mvua ikinyesha. Nikachungulia dirishani. Beberu kaweka miguu ya mbele mezani, anakula rundo kuanzia juu kwenda chini, kwa utaratibu, haruki mtu.

Na hakuna aliyenyanyuka. Walioamka alfajiri, wenye madaftari ya chini, walikuwa wanamtazama kwa utulivu mkubwa: kila akitafuna, nyuma yao wanapungua. Waliochelewa ndio hao waliokuwa wanasukwa.

Nikatoka mbio, nikashika daftari moja, naye kashika ncha ya pili. Tukavutana. Nilipozidi nguvu akaliachia, nikaenda kinyumenyume mpaka kwenye ua wa miiba, naye akaondoka na meza. Meza yote. Madaftari yaliyosalia yakatapakaa uwanjani, na hapo kila mtu akawa wa kwanza. Mama mmoja niliyemwona kwa macho yangu akishuka bodaboda saa nne aliapa kwa Mungu kwamba amelala pale.

"Kliniki zangu zote ziko tumboni mwa mbuzi!" akalia mjamzito mmoja.

Mganga mfawidhi, Mnyankole asiyecheka, akamtazama beberu juu na chini. "Basi mpimeni na yeye. Ana mimba ya miezi saba."

Mwiba ulikuwa umenizama pajani, pamoja na msumari wenye kutu wa ule ua. Nikaingia kuomba sindano ya pepopunda. Dada wa zamu hakuinua hata kichwa.

"Daftari?"

"Dada, mimi si nafanya kazi hapa?"

"Daftari."

Nikachechemea hadi dukani. Walioliwa walikuwa wamenitangulia, na mwenye duka alishaongeza bei. Nikanunua la kurasa 48, nikaandika jina, nikarudi kuliweka juu ya rundo jipya, nyuma ya yule mama wa bodaboda.

Mzee akanisogelea kwenye benchi, amehuzunika kweli.

"Pole, daktari. Kesho nakuletea jike."