Sitafuti kanisa la kunizika

Kwa Mkristo wa Tanzania anayefikiria kuhama kanisa, hoja ya mwisho ya ndugu zake huwa hii: "Sasa utazikwa na nani?" Wokovu hautajwi, wala mafundisho. Shangazi yako anaweza kuvumilia ukikosa ibada miezi na miezi, lakini akisikia jumuiya imekufuta kwenye daftari, atapanda basi la alfajiri kutoka Njombe aje kukuweka kitako.

Wala hajakosea kuogopa. Kwa Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Wamoravian, msiba ukitokea maswali huanza mapema: marehemu alikuwa jumuiya gani, bahasha zake za sadaka ziko wapi, ahadi ya mwaka alifikisha kiasi gani. Tabata tulikuwa na jirani aliyehamia kwenye huduma moja ya maombezi. Alipofariki, mtumishi wake alituma rambirambi kwa simu. Mwili ukasafirishwa kwao, na huko mchungaji wa usharika aliobatizwa akakataa kuongoza ibada kwa sababu marehemu "si wa kwetu tena". Mwishowe mjomba wake, mwinjilisti mstaafu, akasoma Zaburi ya 90, watu wakatia udongo. Mama mtu mpaka leo hamtaji mchungaji yule kwa jina.

Kwa hiyo hofu hiyo naielewa. Ninachopinga ni kuifanya ndiyo sababu ya kubaki mahali. Makanisani mwetu kuna watu wengi ambao kichwani walishaondoka zamani. Wamebakiza jina kwenye daftari na bahasha kwenye droo, wanatoa ahadi yao kama anayelipia bima ya mazishi. Mimi nimeshindwa. Nataka kanisa la kuishi nalo nikiwa hai, na vigezo vyangu nimevipunguza mpaka kimebaki kimoja: je, mtu akiuliza swali la kweli pale ndani, Jumapili inayofuata bado ni mwenzao?

Wazee wetu hawakuwa na shida hii ya kutafuta, kwa sababu kanisa lilikuja na ardhi. Mimi ni Mlutheri kwa kuwa babu yangu alizaliwa upande wa wamisionari wa Berlin. Mwaka 1891 walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa wakati mmoja na Wamoravian, wakagawana nchi: Wamoravian wakaanzia Rungwe, wale wa Berlin wakaelekea upande wa Wakinga na Wabena. Babu hakuulizwa anapendelea lipi. Kilimanjaro nako ni hivyo hivyo. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari wa Kiingereza, ndio waliotangulia Moshi, wakakorofishana na serikali ya Wajerumani, wakaondolewa mwaka 1892, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mwaka uliofuata. Ndiyo maana Mmachame ni Mlutheri, na Mkibosho, ambaye hata lugha wanasikilizana, ni Mkatoliki, kwa kuwa kwao walifika mapadre wa Roho Mtakatifu. Wapare wa Kusini wakapata Wasabato mwaka 1903. Masasi ikawa ya Waanglikana wa UMCA, shirika jingine la Kiingereza, na Mwanza wakaja AIM (Africa Inland Mission) ambao kanisa lao leo ni AIC (Africa Inland Church). Zamani ukijua kwao mtu ni wapi, ulikuwa unaweza kubahatisha kanisa lake kabla hajafungua mdomo, na mara nyingi ulipatia.

Sisemi imani yao ilikuwa ya kupachikwa. Bibi yangu aliomba kwa Kibena kwa namna ambayo sijaisikia tena kwa mhubiri yeyote mwenye kipaza sauti. Nasema tu kwamba kuchagua kanisa ni kazi ambayo hakuna aliyetufundisha. Sisi tuliokuja mjini na kukuta makanisa yote yamekaa barabara moja ndio wa kwanza kuifanya kwa wingi, na tunaifanya vibaya. Tunachagua kwa kwaya. Tunachagua kwa sababu ibada inakwisha saa nne, kuna pa kuegesha gari, na watoto wana darasa lao lenye feni.

Mimi nakaa Kimara. Ukishuka mwendokasi ukaanza kupanda kilima, mabango yanakupokea: mtume na mkewe, nabii na mkewe, mkesha wa Ijumaa, siku saba za kuvunja madhabahu za ukoo. Watu wa makanisa ya zamani huwacheka sana wanaokwenda huko. Mimi siwacheki, kwa sababu nilikwenda, na najua walichokifuata.

Kwanza walitaka kujua jina langu. Jumatatu mtu akanipigia kuuliza nimeamkaje, na alipoahidi kuniombea aliniombea pale pale kwenye simu, akimtaja mama yangu kwa jina kwa sababu nilikuwa nimemtaja. Kwenye usharika wangu nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kupigiwa simu na mtu ambaye hakuwa anakusanya michango ya jengo. Maombi yao yana joto. Mtu analia na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa binti aliyelelewa na liturujia ya Kilutheri ya Njombe, ambako hata baridi ina adabu, jambo lile lilinifungua kifua.

Tatizo lilianza kwa kaka yangu. Ana selimundu, ugonjwa wa kurithi kutoka kwa baba na mama, na hilo hata kitabu cha baiolojia cha sekondari kinalieleza. Mtumishi akasema ni kamba ya ukoo, kuna bibi upande wa mama aliyemfunga. Nikauliza, kwa adabu zote: sasa watoto wa Uhindini na Uarabuni wenye ugonjwa huu huu wamefungwa na bibi yupi? Hakuna aliyekasirika. Walinihurumia, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira. Nikaambiwa nina roho ya upinzani, nifunge siku tatu, na nikumbuke imeandikwa: "Msiwaguse masihi wangu."

Nilirudi nyumbani nikaifungua. Ni Zaburi ya 105, mstari wa 15, na nawaomba wote mnaotishiwa kwa mstari huo muanzie mstari wa 12. Wanaozungumziwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Mstari unamlinda mgeni asiye na mtetezi dhidi ya mwenye nguvu, na leo unatumiwa na mwenye kiti cha dhahabu kumnyamazisha mama muuza mboga aliyeuliza zaka yake imekwenda wapi. Sijui wanaufundishaje mstari huo bila kuona haya.

Na mambo haya yana gharama kubwa kuliko aibu yangu ndogo. Februari 1, 2020, pale uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nakumbuka matusi waliyotukanwa marehemu wale mitandaoni, eti wajinga, eti wapenda miujiza. Mimi niliwaza wangapi kati yao walikuwa na kaka kama wangu, na walishaupeleka ugonjwa ule kwenye kanisa lao la kurithi wakaambiwa tu "tutakukumbuka kwenye maombi", kisha tangazo likaendelea na bei ya fulana za kwaya. Kenya, Shakahola, mwaka 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Mahali ambapo swali ni dhambi, hakuna wa kusema "ngojeni kwanza" mambo yanapoharibika.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kusema turudi kwenye makanisa yetu ya zamani. Nilirudi. Mnada baada ya ibada nilikuwa nimeutamani, nakiri, yule jogoo anayepandishwa bei mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha sadaka. Nyimbo za Tumwimbie Mungu Wetu nazijua bila kitabu. Na hili lazima niliseme kwa haki: mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu, ukitaka kusimama na kuhoji bei ya mabati unasimama. Kule kwenye huduma sikuwahi kusikia hesabu ikisomwa.

Lakini kuhoji mabati ni jambo moja. Mtaani kwetu kuna binti aliyezaa kabla ya ndoa. Akatengwa, kama utaratibu ulivyo: hapokei chakula cha Bwana mpaka asimame mbele ya usharika, atubu, arudishwe kundini. Aliyemzalisha anafahamika. Anaimba besi kwaya kuu. Siku ya jumuiya nikauliza kwa nini mmoja anakaa nyuma na mwingine anakaa mbele. Mzee wa kanisa akatazama saa. Mama mmoja akaanzisha pambio. Baadaye nikavutwa pembeni na mtu anayenipenda kwa dhati, akaniambia nisijiharibie, kwani nikiwa na shida kesho nani atakuja nyumbani kwangu? Unaona jinsi swali la maziko linavyofanya kazi. Hawahitaji kukufukuza. Wanakukumbusha tu kwamba utakufa.

Kinachoniuma ni kwamba kuuliza nilifundishwa na kanisa hili hili. Nilipokuwa darasa la kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, ambayo kila amri, kila ombi la Baba Yetu, linafuatwa na swali: maana yake nini? Mwalimu wetu, mwinjilisti mwenye fimbo, hakukubali mtoto atamke amri bila kuulizwa maana yake nini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tangu nivae gauni jeupe siku ile, hakuna aliyetaka nimuulize tena.

Rafiki yangu mmoja, Mkatoliki wa Rombo, ananiambia nalidekea kanisa. Anasema kanisa si hoteli ya kuchagua vyakula, ni familia, na familia huchagui, unavumilia. Namheshimu, maana yeye ni mtu wa jumuiya ndogo ndogo hasa, anayekwenda kufagia kwa wagonjwa bila kutangaza. Ila nadhani amechanganya mambo. Kuvumilia sauti mbovu ya mwimbaji, mahubiri marefu, mweka hazina mkali, hayo navumilia na nitaendelea kuvumilia. Kwenye familia nzuri mtoto akiuliza "baba, mbona dada anaadhibiwa na kaka haadhibiwi?" atakemewa pengine, lakini usiku atapewa sahani yake kama kawaida. Hilo ndilo ninalolitaka.

Tena silitaki kutoka hewani. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 walimsikiliza Paulo, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama alichosema ndivyo kilivyo, na aliyeandika akawasifu kwa hilo. Na Tomaso! Wahubiri wetu wamemgeuza tusi, "usiwe Tomaso". Someni tena Yohana 20. Tomaso alikataa waziwazi kuamini jambo ambalo wenzake wote wamelishuhudia, jambo kubwa kuliko yote. Siku nane baadaye, bado yumo ndani ya nyumba pamoja nao. Wiki nzima wamekula na kulala na mtu asiyeamini ufufuo, na hakuna aliyemfuta kwenye daftari. Kama wangemtoa, Bwana alipotokea asingemkuta.

Kwa hiyo nimefika wapi? Nasali ibada ya kwanza kwenye usharika ule ule, bahasha natoa, na yule binti nikienda nakaa naye nyuma. Wapo sasa akina mama wawili watatu wanaokaa na sisi. Kule Kimara juu bado napigiwa simu, na yule dada anayenipigia nampenda. Jumatano jioni nakwenda sebuleni kwa mama mmoja Muanglikana, mtu wa Masasi, tunasoma Biblia. Yupo Msabato, yupo kijana wa TAG, Wapentekoste wa Assemblies of God, yupo mzee ambaye hasali popote na hataki kuulizwa sababu. Sadaka hakuna, kuna chai ya tangawizi na mihogo. Hatuwezi kubatizana wala kuzikana, na hilo linanisumbua kuliko ninavyowaonyesha, kwa sababu naamini ubatizo na meza ya Bwana vinahitaji kanisa lenye paa na mchungaji wa kuwajibishwa.

Tumekuwa kwenye Ayubu kwa muda sasa. Tumekwama sura ya 38, pale Mungu anapomjibu Ayubu kwa maswali juu ya maswali, ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi. Kijana wa TAG anaona Ayubu hakujibiwa. Mama wa Masasi akaturusha mpaka sura ya 42, ambako Mungu anawakasirikia marafiki wa Ayubu waliomtetea yeye Mungu na kusema Ayubu, mlalamikaji, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kijana hajaridhika. Hata mimi bado.

Mwinjilisti wa mtaa wetu amesikia habari zetu, akanisimamisha sokoni kuniuliza kama tunaanzisha kanisa. Nikamwambia hatuanzishi, nikamkaribisha. Amesema atakuja tukimaliza Ayubu, yeye anapendelea Warumi.