Kata ya Kigiriki Haikati

Kabla hamjanitumia tena ile sauti aliyorekodi kinyozi wangu, eti pepo lilinipanda nikinyolewa, niseme mapema: sikuwa nanena kwa ndimi. Sina pepo. Hakuna pepo lililotolewa kwa mashine ya kunyolea hapa Zimmerman Jumatatu saa sita mchana. Kilichotolewa ni nywele, zilikuwa zangu, na zilikuwa na umri wa miaka miwili.

Najua sauti yenyewe ina dakika nne na imeshafika grupu la ploti, grupu la kanisa na kwingine. Leo asubuhi shangazi amenipigia kutoka Nyeri kuniuliza kama ninakula vizuri. Akanyamaza. Kisha akauliza kama ninalala vizuri. Basi na mimi nisikilizwe.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni Kigiriki na Kilatini. Kilatini nilikiokota seminari, kabla sijaelewa kwamba upadre haunitaki. Kigiriki nilianza na kile cha Agano Jipya, halafu nikapanda mpaka cha Homer, yule mshairi wa kale wa Wagiriki, na huko ni kama mtu aliyezoea Kiswahili cha redio kutupwa katikati ya tenzi za zamani za Pate. Nafundisha kwa kulipwa kwa saa kwenye chuo fulani, na saa zenyewe bado nazidai. Mtaani kazi yangu kubwa ni kusoma karatasi za daktari. Mama wa chumba cha chini huniletea: "Prof, hii t.d.s. ni ugonjwa gani?" Namwambia ni *ter die sumendum*, umeze mara tatu kwa siku. Ananipa mandazi mawili. Huo ndio mshahara wangu usiochelewa.

Sasa nywele. Homer huwaita Wagiriki wake "Waakea wenye nywele ndefu," nami kwa ujinga wangu nikaapa sitakata afro mpaka nipate nafasi ya uzamivu. Kinyozi wangu aliichukia afro hiyo kama deni. Kila nikienda kupunguza ndevu ananiambia, "Prof, siku utakayosema 'kata', nakunyoa bure." Shikeni hapo.

Chuo kimoja cha Uingereza kikaniita kwa mahojiano ya mtandaoni, saa nne asubuhi kwa saa zao. Nikaongeza tatu, nikapata saa saba. Hesabu safi. Kumbe Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husukuma saa zao mbele, na tangu jana yake tofauti yetu ilikuwa imebaki mbili! Mimi naweza kukueleza kwa nini mwaka 46 K.K., Julius Caesar alipotengeneza kalenda, ulikuwa na siku 445. Saa ya ukutani ya London ndiyo ikanishinda. Sisi watu wa ikweta saa tunaigusa betri ikiisha tu.

Nyumbani tokeni za stima zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikapanga kufanyia mahojiano kwa kinyozi, kwenye stima na Wi-Fi. Saa tano u nusu nikakalia kiti: ndevu kidogo, na mstari wa mbele uwe safi. Benchi lilikuwa na mtu mmoja, mzee wa Lamu aliyekuja kumtembelea binti yake, amefungua gazeti. Saa sita kamili, simu niliyokuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya spiriti ikaita. Nikabonyeza nikidhani ni mama wa mandazi.

Nyuso tatu. Maprofesa watatu na rafu za vitabu.

Nikamfanyia kinyozi ishara ya kufunga mdomo. Akazima mashine na kusimama nyuma yangu kama mlinzi wa benki. Nilikuwa nimefunikwa kile kitambaa chake cheusi mpaka shingoni, na naapa profesa mmoja alidhani ni joho. Alinipa tabasamu la heshima.

Na mwanzoni nilikuwa moto, jamani. Wakaniuliza kuhusu utafiti wangu. Nikawaeleza Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ambao unaiita pwani yetu Azania na kuitaja bandari ya Rhapta kuwa soko la mwisho. Nikasema mwandishi mwenyewe anadai jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Gazeti likashuka kule kwenye benchi.

"Mtepe huo," mzee akasema. "Hauna msumari hata mmoja. Umeshonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake ni mkeka."

"Nani huyo?" profesa akauliza, amesogea mpaka pua imejaa skrini. Nikasema ni mwenzangu. Nikatafsiri. Wakaandika! Watu watatu wa Uingereza wakaandika maneno ya mzee wa kwenye benchi. Ningekata simu dakika ile, leo ningekuwa nawaaga.

Kisha wakasema: jaribio dogo tu la lugha. Wakaweka mistari mitano ya kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, nisome kwa sauti, kwa mizani yake, halafu nitafsiri. Ni pale shujaa Achilles amemkasirikia mfalme Agamemnon, mkono uko kwenye upanga, anawaza amuue ama asimuue.

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu kinyozi kwenye sauti yake amepita mbio.

Mstari wa 193 unamalizika hivi: *kata phrena kai kata thymon*. Hiyo *kata* ya Kigiriki haikati kitu. Ni kama "-ni" yetu: akilini na moyoni. Watoto wa shule wangeielewa kwa dakika moja. Lakini mimi nina mdomo wa Kiswahili, na nilikuwa nimechangamka, nikaitamka kama mtu anayeagiza nyama buchani.

"Kata—"

Kwenye kioo nikayaona macho ya kinyozi. Sijawahi kuona furaha kama ile kwa mtu mzima. Miaka miwili alikuwa akilingoja neno hilo. Kidole kikabonyeza. Mashine ikanguruma. Nikahisi chuma baridi kwenye paji la uso, pale pa mstari wa mbele, kisha kikaanza safari kwenda utosini, taratibu, kama trekta shambani.

Mtaniuliza kwa nini sikunyamaza. Shairi la Homer ni kama matatu ya Thika Road: ukishapanda hushuki popote, unangoja steji. Bonge la afro likanidondokea mapajani, jeusi juu ya kitambaa cheusi. Mdomo ulikuwa umefika *kai*. Silabi moja hiyo ndiyo niliyopewa na mbingu niseme "hapana". Kilichotoka ni:

"—kata thymon."

Barabara ya pili.

Kwenye kidirisha changu kidogo cha simu nikajiona: ndevu upande mmoja, njia mbili nyeupe kichwani, na katikati yake ukanda wa majani kama ule wa barabara kuu. Maprofesa hawakusema neno. Nadhani walidhani ni mila. Mmoja akasema kwa sauti ya upole sana, "Endelea."

Nikaendelea. Sasa anayeujua mstari wa 197 ameshaanza kulia. Nikatafsiri kwa Kiingereza, kwa sauti iliyopasuka: mungu wa kike Athena akamjia Achilles, "akasimama nyuma yake, akamkamata nywele."

Kinyozi Kiingereza anakijua. Akautazama mkono wake, uliokuwa umeshika nywele zangu. Akaitazama simu.

"Sasa mnanisema mimi?"

Profesa wa kulia akazima kamera. Najua kwa nini mtu huzima kamera mabega yakitikisika. Na tuwe wakweli, Athena alikuja kumzuia Achilles asikate mtu. Wangu alikuja na mashine.

Yaliyobaki ni mafupi. Wakashukuru, wakaaga, nikanyolewa para kwa sababu hata denge halikuwezekana. Kinyozi alitimiza ahadi ya bure, ila akadai hamsini za ndevu. Nilipomweleza maana ya *kata*, alisema kosa ni la Wagiriki. Mzee akaniuliza shairi lile lina vina vya aina gani. Nikasema halina vina kabisa. "Basi si shairi hilo, mjukuu wangu," akasema, "ni barua." Akarudi kwenye gazeti.

Jana barua pepe ikaja. Mistari minne. Majibu yangu yatatoka baada ya mwezi. Mistari mitatu iliyobaki inauliza kama wanaweza kupata namba ya mwenzangu mtaalamu wa mitepe.

Mzee amekubali kuzungumza nao. Ameweka masharti mawili: iwe palepale kwa kinyozi, na mimi niwe mkalimani wa Kiingereza tu.