Nimesamehewa Kodi, Nyumba Sina

Jamani, mie nimesamehewa! Shemeji kaja barazani simu mkononi, anatusomea kwa sauti ya mtangazaji: anayenunua nyumba mara ya kwanza kwenye ule mpango wa serikali ya Kenya wa nyumba za bei nafuu halipi ushuru wa stempu. Nikashusha kikombe cha kahawa. Ushuru huo mjini ni asilimia 4, mashambani 2. Nyumba ya milioni 3 hapa Malindi, hiyo ni shilingi 120,000 za kuandikishiwa jina, hujanunua hata kufuli. Zote nimeachiwa! Imebaki hiyo milioni 3 yenyewe, na hapo shemeji alipapita mbio.

"Ngoja, bado," akasema. Ukikopa benki kununua nyumba, riba yako inaondolewa kwenye mapato kabla hujakatwa kodi, mpaka 360,000 kwa mwaka. Zamani mwisho ulikuwa 300,000, wakaongeza mwishoni mwa 2024. Nikapiga hesabu: elfu 30 kwa mwezi, riba peke yake. Mie nalinda lango la hoteli kwa elfu 24. Wallahi hata niipe benki mshahara wote, watoto niwalishe upepo wa kusi, msamaha huo siwezi kuumaliza. Wa kuumaliza ni yule ninayemfungulia lango, na hata salamu haitikii.

Kwenye makato lakini, hawanisahau. Tangu sheria ya Machi 2024, asilimia 1.5 ya mshahara yaenda kujenga hizo nyumba za bei nafuu, na mwajiri aongeza kadiri hiyo hiyo. Shilingi 360 zangu kila mwezi. Mke wangu akiishika karatasi ya mshahara huuliza, "Baba Swaleh, mwezi huu tumefika dirishani, au bado tuko kwenye msingi?"

Na hivi kweli mie ni mnunuzi wa mara ya kwanza? Nyumba ninayo. Ya mawe na udongo, bati juu, choo uani. Lakini ardhi si yangu. Nyie wa bara mtashangaa: huku pwani mtu aweza kuwa na nyumba yake juu ya ardhi ya mwenziwe, akamlipa kodi ya kiwanja. Benki waliniuliza hatimiliki, nikasema sina. Wakasema basi huna nyumba. Nikaenda ofisi nyingine kuulizia msamaha.

"Mzee, una nyumba?"

"Ninayo."

"Ardhi yako?"

"Hapana."

Kijana akanitazama, akatazama fomu, akasema anakwenda kumuuliza mkubwa wake. Nilimngoja mpaka adhana ya alasiri. Feni ilikuwa inazunguka, kiti chake kitupu.

Nafika nyumbani, namkuta mwenye ardhi kakaa barazani kwangu, anakunywa chai yangu. Kasikia serikali imenisamehe kodi. Ataka kujua, kwa vile sasa nimepata nafuu, ile ya kiwanja ya tangu Ramadhani nitamlipa leo au kesho.