Imeisha, Bado Kidogo

Hivi jamani, neno "imeisha" kwenye timu za programu lina maana gani? Mtu anasimama asubuhi mbele ya ubao, kikombe mkononi, anatangaza: "Ile ya malipo imeisha." Watu wanashukuru Mungu. Kisha anaongeza: "Bado kutesti tu." Haya. "Na kuunganisha na ya wenzangu." Haya. "Na kwenye seva haijapanda." Sasa bwana, hapo imeisha nini, pumzi? Fundi baiskeli wa Ngamiani, Tanga, akikwambia baiskeli imepona, bado mnyororo na gurudumu la mbele, utampa hela?

Na dawa ipo, wala si ghali. Karatasi moja ukutani: kazi imeisha pale mwenzako ameukagua msimbo (maandishi ya programu), majaribio yote yamepita, imeunganishwa kwenye tawi kuu (nakala ya pamoja ya timu nzima), na inafunguka kwenye seva ya majaribio kwa simu ya kawaida, si kwenye laptop ya aliyeitengeneza peke yake. Pungufu ya hapo, pointi sifuri (pointi ndizo uzito wa kazi tuliokadiria). Hakuna cha "mpeni hata 3 kati ya 5, kajitahidi". Inarudi kwenye orodha ya kazi zinazosubiri, mwenye bidhaa (anayeamua kipi kitengenezwe) ataamua kama bado anaitaka. Lakini sisi na huruma zetu za pwani! Nusu tunaihesabu, halafu sprinti inayofuata, yaani kipindi kifupi cha kazi cha timu, inaanza na viporo. Kiporo cha wali na maharage kwa chai ya asubuhi ni neema. Kiporo cha msimbo kimeshachacha: aliyekiandika kasahau alichokusudia, na wenzake wameshabadilisha vilivyokuwa chini yake.

Viporo vinatoka wapi? Hesabuni ubaoni. Watu 6, kazi zilizoanzwa 11, iliyomalizwa hakuna. Wekeni kikomo, tuseme 4 kwa wakati mmoja, na asubuhi msome ubao kuanzia kulia, penye kazi zilizokaribia kuisha, badala ya kwenda mtu mmoja mmoja kama mwalimu anaita majina.

Maana hicho kikao cha asubuhi nacho! Mwongozo wa Skramu, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa sprinti, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland unasema dakika 15, tena ni cha watengenezaji wenyewe kupanga siku yao. Yale maswali matatu, jana umefanya nini, leo unafanya nini, nini kinakukwaza, yaliondolewa kwenye toleo la 2020. Ngamiani habari hizo hazijafika, labda zinakuja kwa baiskeli. Bosi anavuta kiti, na akishakaa hakuna anayesema amekwama. Kila mtu "naendelea vizuri". Anaendelea vizuri siku ya tatu anatafuta nywila ya seva ambayo jirani yake anayo! Dakika ya 20 wawili wanabishana jina la safu kwenye hifadhidata, wanne wanahesabu vigae vya dari. Bishaneni baadaye, nyie wawili, wengine waende zao kazini.

Na kukadiria uzito wa kazi je? Kila mtu ana karata za pointi: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Zinalazwa kifudifudi, zinafunuliwa kwa pamoja, kisha aliyeweka 2 na aliyeweka 13 wanajieleza, kwa kuwa mmoja wao anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Mtu wa Tanga aliyekulia barazani hahitaji kufundishwa kwamba karata haionyeshwi mapema. Lakini akiingia ofisini, mkubwa anatangulia, "hiyo ni 3 tu", na meza nzima inatoa 3. Kazi yenyewe inakula wiki.

Halafu kuna "kadogo tu". Mwenye bidhaa anatakiwa awe mtu mmoja. Unakuta timu inao watatu: bosi, mtu wa mauzo, na shemeji wa bosi. Jumatano, sprinti iko katikati, mlango unagongwa: "Kadogo tu, wateja waingie kwa namba ya simu." Kadogo hako kanataka ujumbe wa uthibitisho, muda wa kuisha kwa tarakimu za ujumbe huo, na la kufanya mtu akipoteza laini. Kasubiri orodhani kama wengine, au kakiingia, kitoke kitu cha uzito uleule.

Ijumaa wateja wanakuja kuuona mfumo, wanaonyeshwa picha za mfumo. "Imeisha, ni seva tu imelala." Na huko nje, muuza kahawa hajui sprinti ni mnyama gani, ila akikwambia iko tayari, unaungua ulimi.