Siku 28 zinavyotula: kwa nini bado natetea semina za mikataba

Wiki za semina hapa Mombasa tunazijua. Magari ya serikali, yale ya GK, yamejipanga kwenye hoteli za Nyali na kule Diani, mlangoni kuna bango la mafunzo ya mikataba ya kimataifa, manunuzi na utatuzi wa migogoro, siku tano, na jioni wale wale wako ufuoni. Picha zikitoka mtandaoni watu wanawaka, ati wamekuja kula posho kwa ushuru wetu, na sitasema wanakosea manake mimi nishakaa ndani ya hizo semina na nimeona jina la mtu limesainiwa Jumatatu asubuhi na mwenyewe hakuonekana tena mpaka siku ya cheti. Lakini hii hasira saa hizi imefika mahali inasema mafunzo yenyewe hayana maana, yafutwe yote, na hapo ndo siko nao.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani wa makaratasi kwa kontrakta mdogo wa hapa hapa Mombasa, tumepewa kipande cha mtaro na kampuni kubwa ya nje iliyokuwa na kazi ya barabara. Mkataba wetu ulifuata vile vipengele vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambalo mikataba yake ya ujenzi inatumika karibu dunia nzima. Tukachimba, tukakuta bomba kuukuu la maji ambalo kwenye michoro halipo kabisa. Kazi ikasimama. Mtambo wa kuchimba tumeukodi, ukakaa pale siku 19 unalipiwa kila siku iendayo kwa Mungu na dereva yuko chini ya mwembe. Fomeni wetu, mzee wa watu, mpole, hakuacha hata siku moja kuandika kwenye daftari la saiti, tarehe, saa, "mtambo umesimama, bomba bado", na chini yake anamsainisha injinia wa wale. Ushahidi wote ulikuwa mle, kurasa zina alama za vidole vya udongo. Bosi akasema tumalizeni kazi kwanza, hawa si wageni kwetu, mwisho tutakaa tuongee. Barua ya dai nikaipiga siku ya 53. Jibu likaja mistari miwili: notisi yenu imechelewa, dai halitazingatiwa. Hakuna aliyebisha kwamba mtambo ulisimama. Yule mzee akaniuliza, "Kwani wao hawakuona?" na sikuwa na la kumjibu, manake waliona na wakasaini.

Tulikuwa na siku 28 tu, na hizo ndo nataka tukae nazo kidogo. Kitabu chekundu cha FIDIC, yaani mkataba wao wa ujenzi, toleo la 1999, kipengele 20.1, kinamtaka kontrakta atoe notisi ya dai lake mapema iwezekanavyo na isizidi siku 28 tangu alipojua, ama alipopaswa kujua, jambo lililomletea hasara. Akipitisha basi, haongezewi muda, halipwi, na mwenye kazi, yaani anayejengewa, hana deni naye tena kwa jambo hilo. Sasa angalia hayo maneno "ama alipopaswa kujua". Saa haingoji bosi aambiwe wala wakili arudi safari, inaanza kwenda siku ile sururu inagonga bomba. Na kinachouma zaidi ni kwamba notisi yenyewe ni kitu chepesi, haitaki hesabu, haitaki vielelezo, ni karatasi moja inayosema siku fulani tumekuta jambo fulani na tutadai. Hesabu zina muda wake baadaye, siku 42 kwa toleo hilo la 1999. Yaani mtu anapoteza haki ya mamilioni kwa kukosa barua ambayo hata mimi na fomeni tungeiandika juu ya boneti ya pikapu.

Halafu likaja toleo la 2017, na hapa naomba anayetaka mafunzo yafutwe asome pole pole. Siku za kuleta maelezo kamili zimeongezwa zikawa 84, sawa. Barua nayo lazima ijitambulishe yenyewe kwamba ni Notisi, ukiandika tu "tunasikitika kuwajulisha" haitoshi. Lakini kubwa ni kwamba zile siku 28 sasa zinamfunga mpaka mwenye kazi. Zamani kontrakta ndo alikuwa anakimbizana na kalenda, mwenye kazi yeye aliambiwa tu atoe notisi mapema. Sasa kaunti, wizara, shirika la serikali, yeyote anayejengewa chini ya toleo hilo akitaka kumdai kontrakta pesa, naye yuko kwenye saa ile ile. Na Benki ya Dunia mwaka 2019 ilikubaliana na FIDIC kutumia mikataba yao kwenye miradi inayoifadhili, kwa hivo hili si jambo la mbali na sisi. Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi ya umma anajua barua inavyotembea, inaingia rejista, inakaa kwenye trei, inapanda kwa mkubwa, mkubwa yuko Nairobi, inarudi na neno "tujadiliane", na siku ya 28 inapita Ijumaa moja ya sikukuu bila mtu yeyote kuiona ikipita. Pesa inayopotea hapo ni ya yule yule mlipa ushuru anayekasirikia picha za ufuoni.

Wanaopinga lakini wana hoja nzito kuliko hiyo ya posho, na nataka niiseme vizuri manake ni ya kweli. Wanasema nchi hii haijaumia kwa kutojua, imeumia kwa ufisadi na kwa unyonge. Mkataba wa 1989 wa maduka yasiyotozwa ushuru kwenye viwanja vya ndege vya Nairobi na hapa kwetu Mombasa, kesi ya World Duty Free, ilipofika kwa wasuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya wawekezaji na serikali, ikatupwa mwaka 2006 kwa sababu mdai mwenyewe alieleza kwamba alimpa Rais Moi dola milioni 2 ili aupate. Kashfa ya Anglo Leasing nayo, Kenya ikaja kulipa karibu shilingi bilioni 1.4 Mei 2014 ili njia ya kuuza Eurobond, yaani kukopa kwa wawekezaji wa nje, ifunguke, na hiyo ni mikataba ambayo kila mtu alijua ni ya wizi. Na reli hii ya SGR inayoondokea Miritini, mikopo ya Exim Bank ya China ya 2014, makaratasi yalipoanikwa Novemba 2022 tukaona sheria inayotumika ni ya China na mgogoro ukizuka unaenda kwa CIETAC, tume ya usuluhishi ya China, Beijing. Je, waliosaini walikosa semina? Walikuwa na mawakili wa serikali, walisoma. Anayetoa pesa ndo anayeandika masharti, na ukifundisha maafisa elfu mbili bado utasaini.

Kwa siku ya kusaini, nakubali, sina la kubisha. Ila mkataba unasainiwa siku moja halafu unaishi miaka, na miaka hiyo haiko mikononi mwa waziri, iko mikononi mwa karani, stoakipa, injinia wa saiti na afisa wa manunuzi wa daraja la chini. Chukua kesi ya Nigeria na P&ID, kampuni iliyosaini mkataba wa gesi wa miaka 20 mwaka 2010. Kiwanda hakikujengwa, gesi haikutolewa, na bado Januari 2017 wasuluhishi London wakaamua Nigeria ilipe dola bilioni 6.6 na riba ya asilimia 7, yaani zaidi ya dola milioni 1 kwa siku, Jumapili na sikukuu zote ndani, hadi deni likapita bilioni 11. Wapinzani wangu watasema ile ilikuwa hongo, na ni kweli, Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles aliitupilia mbali hukumu ile kwa sababu ya udanganyifu. Lakini jaji huyo huyo mwishoni akasema kuna mambo ya kutafakari, na la kwanza ni namna mikataba mikubwa ya nchi inavyoandikwa, halafu namna nchi inavyowakilishwa kwenye usuluhishi wenyewe. Na unajua sheria ya Uingereza inampa mtu siku ngapi za kwenda mahakamani kupinga uamuzi wa wasuluhishi? 28. Nigeria ilishachelewa kwa miaka, ikabidi kwanza ipigane kuomba muda, na ikaruhusiwa Septemba 2020. Mahakama ingesema hapana, hata ule ushahidi wa hongo usingepata pa kusikilizwa. Ndo manake sikubali kwamba ufisadi na kutojua ni vitu viwili vya kuchagua kimoja, mwizi anafichwa na ofisi isiyosoma tarehe.

Na tusiende mbali, tuvuke tu feri. Mlima wa Mrima kule Kwale, kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya uchimbaji Machi 2013, ikafutwa Agosti mwaka huo huo, wakaipeleka Kenya ICSID wakidai takriban dola bilioni 2. Kenya ikashinda Oktoba 2018. Ilishinda kwa makaratasi. Leseni ile ilitoka bila utaratibu wa idhini ya athari kwa mazingira kufuatwa inavyotakiwa, na Mrima ni msitu uliohifadhiwa, ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo, kwa hivo wasuluhishi wakasema leseni ya namna hiyo haikuwa leseni halali tangu mwanzo. Kuna watu waliokuwa wamehifadhi barua, wakajua ipi haipo na kutokuwepo kwake kuna maana gani. Sisi tunazungumza kesi tulizoshindwa tu, hii imepita kimya kimya.

Wafanyabiashara nao wasidhani haya ni ya serikali peke yake. Nimesikia mara nyingi mtu amenunua mzigo CIF Mombasa, yaani bei yenye bima na nauli ya meli ndani, anaamini mpaka meli ifunge Kilindini mzigo ni wa muuzaji, wakati kwa Incoterms, zile kanuni za kimataifa za kuuziana mizigo, hatari imeshahamia kwake tangu mzigo ulipopakiwa melini huko Shanghai. Na wa tenda ndo wananiliza zaidi. Mtu wa Makupa amenyimwa tenda kwa sababu isiyoeleweka, anaanza kutafuta nani anamjua nani, anapigia simu binamu yake aliye kwenye kaunti, anaambiwa subiri kwanza, na sheria ya manunuzi ya 2015 imempa siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa, nayo bodi ina siku 21 za kuamua. Siku ya kumi na tano binamu anapiga simu, ati ongea na wakili.

Kwa hivo kikatwe nini? Hoteli. Kenya School of Government, chuo cha watumishi wa umma, ina kampasi hapa Mombasa na nyingine Matuga, sioni mafunzo ya umma yanafuata nini ufuoni. Zikatwe pia hizi semina za kukusanya pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, zile slaidi 90 kwa asubuhi moja na mtu anatoka na cheti bila kuulizwa hata swali. Mimi ningempa kila mshiriki mkataba halisi wa ofisi yake, nimwambie atafute mle tarehe zote zinazoweza kumnyima haki, azitoe kwa mkono, na asiyezitoa hapati cheti. Na orodha ya wanaokwenda igeuzwe, manake wakubwa ndo wanaenda na wanaopokea barua ndo wanaobaki kazini kushika simu.

Kisha lugha. Mafunzo yote haya ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, na saiti inaendeshwa kwa Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi mpaka kufunga geti. Nimesikia ikisemwa kwamba mambo ya FIDIC hayaelezeki kwa Kiswahili. Baada ya yale ya bomba nilihamia kampuni nyengine, na huko nilichukua kalenda ya ukutani, ile wanayogawa mabenki, nikakaa na fomeni wa pale kwenye kontena la ofisi. Nikamwambia siku mtakayokuta kitu ambacho mchoro hauna, zungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, hesabu wiki nne, zungushia tena, na kabla hujafika ile duara ya pili hakikisha mimi nimejua. Hazikupita dakika kumi. Baada ya kama miezi miwili simu yangu ikalia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nasikia sauti yake na kelele za mtambo nyuma: "Tumekuta waya wa stima huku chini. Nishazungushia."